Majani Mawili na Chipukizi

Mchumaji hodari wa majani chai hatumii kucha. Ukucha hukata, na palipokatwa jani huanza kugeuka rangi kabla halijafika kwenye mizani. Yeye hulishika shina changa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akalipinda kidogo, nalo likavunjika lenyewe pale lilipo laini. Likikataa kuvunjika, hapo si pa kuchuma. Shina limeshashika nyuzi. Mikono yote miwili hufanya kazi kwa wakati mmoja, kila mmoja ukitafuta lake, mpaka viganja vijae, kisha majani hurushwa juu ya bega yaangukie kapu lililo mgongoni. Hakuna kushindilia. Majani yakibanwa hupata joto, na jani lenye joto limeanza kuharibika huku bado liko shambani.

Sheria yenyewe ni fupi: majani mawili na chipukizi. Ufupi wake hudanganya. Kuna chipukizi linalokua na kuna lile lililolala, ambalo wachumaji huliita banji, dogo, gumu, lisilo na haraka ya kufunguka. Banji likiwa bado laini huchumwa pamoja na jani lake; likishakomaa huvunjwa na kutupwa ili tawi liamke. Kuna shina lenye majani manne ambalo mgeni angelichuma kwa furaha kwa kuwa lina uzito, na mwenye kazi yake huchukua ncha tu. Kuna chipukizi lililo chini ya usawa wa kichaka, nalo haliguswi hata liwe zuri namna gani, kwa sababu ndilo la wiki ijayo. Usawa huo huitwa meza, na wapo wanaolaza ufito mrefu juu ya vichaka ili jicho lisijidanganye: kilichochomoza juu ya ufito ni cha leo. Mvua ikiwa nzuri mchumaji hurudi kwenye kichaka kilekile baada ya siku saba au nane. Baridi ya Julai ikishuka kutoka Nyandarua, chai husinzia na zamu hiyo hurefuka hadi wiki mbili au zaidi.

Kazi hii nimeitazama sana Kiriaini, mji mdogo ulio juu ya mgongo wa kilima, kwenye barabara ya kutoka Murang'a kwenda Othaya. Kiutawala ni Mathioya, Kaunti ya Murang'a, ila Nyeri iko karibu kiasi kwamba watu huvuka mpaka wa kaunti kwenda sokoni au hospitalini bila kuukumbuka. Kahawa iko upande wa chini na chai upande wa juu, hadi ukingoni mwa msitu. Viwanda vya Kiru na Gatunguru viko upande huu, Chinga na Iriaini upande wa Othaya. Kila alasiri utaona makapu yakielekea kwenye kituo cha kununulia, ambako majani hutandazwa mezani na kupekuliwa upya kabla ya kupimwa. Karani hutia mkono, akainua konzi, akatoa jani moja pana na kulishika kwa ncha kama ushahidi mahakamani. "Mama, na hili nalo?" Mama hucheka, au hununa, kisha huanza kuchambua.

Watu huisifu chai ya milima hii kwa udongo wake mwekundu, mvua yake na baridi yake. Ni kweli. Lakini naona sifa hiyo huruka mkono wa mchumaji, na mkono huo ndio unaofanya kemia ya kwanza. Mchai hujaza kinga zake pale ulipo laini zaidi, yaani kwenye ncha changa ambazo wadudu wanazitamani. Kinga hizo ni polifenoli, na kundi lake kubwa ni katekini. Jani changa likikaushwa na kupimwa, kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wake yaweza kuwa polifenoli. Kadiri unavyoshuka kwenye tawi, kutoka chipukizi hadi jani la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kiasi hicho hupungua na nyuzi huongezeka. Kwa hiyo anayeongeza jani la nne kapuni ili apate kilo amezimua mzigo mzima, na karani anayelitoa jani hilo mezani, hata kama hajawahi kusikia neno katekini, anachunga kiwango ambacho maabara ingehitaji mashine ghali kukipima.

Jambo hilo lina uzito mpya kwa sababu katekini hizohizo zimeingia katika utafiti wa ugonjwa unaoogopwa sana na wagonjwa wa kisukari: upofu.

Sukari ikikaa juu mwilini kwa miaka, huumiza mishipa midogo kabisa ya damu, na mahali ambapo mishipa hiyo inaweza kuonekana bila kupasua ngozi ni nyuma ya jicho, kwenye retina, ule utando unaopokea mwanga. Kwanza kuta za mishipa hulegea na kutokeza vifundo vidogo vyekundu. Kisha huvuja; maji na mafuta ya damu hutuama na kuacha madoa ya manjano. Baadaye mishipa mingine huziba, na retina iliyokosa hewa hutoa ishara ya kuomba mishipa mipya. Ishara hiyo ni protini iitwayo VEGF. Mishipa mipya huja kweli, lakini ni dhaifu, huota mahali pasipofaa, hupasuka, na mtu huamka asubuhi moja akiona pazia jeusi likielea mbele ya jicho. Kabla ya asubuhi hiyo huenda hakuwa ameona dalili yoyote. Utafiti uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008 kwa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi ulikuta dalili za ugonjwa huu kwa takriban theluthi moja ya waliokuwa na kisukari.

Kuusoma utando huo wa nyuma ya jicho ni ufundi mwingine unaostahili kukaliwa na kutazamwa. Mgonjwa hutiwa matone ya kupanua mboni, akae benchini nusu saa hivi, kisha aweke kidevu kwenye kifaa huku mhudumu akishika lenzi ndogo mbele ya jicho lake. "Shosho, tazama sikio langu la kulia. Sasa la kushoto. Juu. Usifumbe, shosho." Kila amri hugeuza jicho ili kipande kingine cha retina kiingie kwenye mwanga. Aliyezoea huanza kwenye mlango wa neva, akafuata mishipa mikubwa kuelekea pembeni, akarudi katikati, na doa jekundu ambalo wewe na mimi tungelipita yeye husimama hapo. Hana haraka, ingawa benchi limejaa. Shosho, yaani nyanya huyo, hulalamikia mwanga, na atakapotoka nje jua la saa sita litamchoma macho kwa sababu mboni bado zimefunguka.

Matone yale yana ukoo. Tropikamidi, dawa ya kupanua mboni inayotumika sana kliniki, ilitengenezwa maabarani kwa kufuata kazi ya atropini, na atropini hutoka kwenye mmea wa sumu wa Ulaya, Atropa belladonna. Kidonge cheupe alichomeza shosho asubuhi pamoja na uji nacho kina ukoo. Metformini ilitokana na uchunguzi wa viini vya mmea uitwao Galega officinalis, na ni daktari Mfaransa Jean Sterne aliyechapisha mwaka 1957 matokeo yake kwa wagonjwa wa kisukari. Mmea wenyewe ulikuwa na sumu; kondoo walikufa kwa kuula. Ilichukua miongo ya watu kubadili umbo la molekuli kidogokidogo mpaka ikapatikana inayoshusha sukari bila kumdhuru anayeimeza.

Na jicho lenyewe limeshachukua lake kutoka shambani. Katikati ya retina pana doa la manjano, mahali tunapotumia kusoma, kutia uzi kwenye sindano na kutambua nyuso. Umanjano huo ni luteini na zeaxanthini, rangi ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza. Hutoka kwenye sukuma wiki, terere, mchicha, mahindi ya njano na kiini cha yai la kuku aliyekula majani. Sijui mfano mzuri kuliko huo wa jinsi kitu cha mmea kinavyoweza kusafiri kutoka sufuria hadi nyuma ya mboni na kukaa hapo kwa kazi maalumu.

Kwa hiyo wazo kwamba mmea waweza kulinda jicho la mwenye kisukari si ndoto. Tatizo ni kwamba kati ya wazo na tiba kuna kazi ndefu, na historia yake inafaa kusimuliwa bila kupunguza pale iliposhindwa.

Mwaka 1977 Shambhu Varma, Atsushi Mizuno na Jin Kinoshita walichapisha katika jarida la Science jaribio lao juu ya degu, mnyama mdogo wa Chile wa jamii ya panya. Walijua kwamba sukari inapozidi, kimeng'enya kimoja ndani ya lenzi huibadilisha kuwa sorbitoli, na sorbitoli hiyo hunasa humo, huvuta maji, na lenzi huwa na ukungu: mtoto wa jicho. Wakawalisha degu wenye kisukari kwersitrini, kiini kinachopatikana katika mimea mingi, ambacho huzuia kimeng'enya hicho. Mtoto wa jicho alichelewa. Hapo matumaini yakapanda. Ikiwa lenzi inaweza kulindwa hivyo, mbona isiwe retina? Kampuni zikatengeneza molekuli zao zenye nguvu kuliko kiini cha mmea, na mojawapo, sorbinili, ikapewa watu karibu 500 katika jaribio kubwa Marekani. Matokeo yalitoka mwaka 1990. Baada ya zaidi ya miaka mitatu, retina za waliomeza dawa hazikuwa na nafuu ya maana kuliko za waliomeza kidonge kitupu, na baadhi ya waliomeza dawa walipata mzio mbaya.

Nawavulia kofia watu wa jaribio hilo kuliko wa lile la degu. Kuona unachotaka kuona katika vizimba vya maabara ni rahisi. Kukusanya mamia ya binadamu, kupiga picha za retina zao mwaka baada ya mwaka, kuzipa wasomaji wasiojua nani alimeza nini, kisha kuandika kwamba haikufaa, huo ni ufundi usiopigiwa makofi.

Chai iliingia katika habari hii kupitia mlango mwingine. Mwaka 1999 Yihai Cao na Renhai Cao, wakiwa Stockholm, Sweden, walichapisha katika jarida la Nature kwamba panya waliopewa chai ya kijani badala ya maji ya kunywa waliota mishipa michache zaidi machoni. Walikuwa wameweka VEGF, ileile protini ya kuomba mishipa mipya, kwenye konea ya panya, na chai ikapunguza itikio lake. Fikiria hilo kwa macho ya Kiriaini: si dawa ya sindano, si kidonge, ni chai iliyochemshwa na kumiminwa kwenye chupa ya panya.

Swali la haki lililofuata ni kama katekini hufika hadi retina au huishia tumboni. Kundi la Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong lililijibu mwaka 2010 kwa kazi ninayoiona kuwa ya kusuka nywele za mbu. Waliwapa panya wakubwa kinywaji cha dondoo la chai ya kijani, kisha wakayatoa macho yao na kuyagawa: konea peke yake, lenzi peke yake, maji ya mbele, ute wa katikati, retina, utando ulio nyuma ya retina. Jicho la panya huyo lina upana wa milimita sita au saba. Kila kipande kikapimwa ili kujua ni katekini gani imo na kwa kiasi gani. Katekini zilikuwemo, na hazikujigawa sawa. Retina ilikuwa imejikusanyia zaidi ile iitwayo galokatekini. Miaka miwili baadaye, Delhi, panya wenye kisukari walionyweshwa chai ya kijani kwa wiki 16 walikuwa na dalili pungufu za madhara kwenye retina kuliko wenzao ambao hawakupewa.

Hapa ndipo mtu wa milimani anapaswa kuuliza: chai ya kijani, na yetu je?

Yetu ni nyeusi, na weusi huo ni ufundi ninaouheshimu hata pale unapokwenda kinyume na kile watafiti wa macho wanachokitafuta. Majani yanafika kiwandani yakiwa na maji takriban robo tatu ya uzito wake. Hutandazwa kwenye vihori virefu vyenye feni chini yake, yanyauke usiku kucha. Kisha hupita kati ya magurudumu yenye meno ambayo huyakata, huyararua na kuyaviringisha, na katika kuraruka huko kimeng'enya kilichokuwa kimefungiwa chumba chake hukutana na katekini zilizokuwa chumba kingine, hewa ikiwa shahidi. Katekini huungana mbili mbili kuwa theaflavini, zenye rangi ya chungwa na ule ukali mzuri wa ulimini. Nyingine huungana makundi makubwa zaidi na kuleta wekundu mzito. Fundi wa zamu husimama hapo. Kijani kimeanza kuwa shaba. Harufu ya nyasi mbichi imeondoka, imekuja inayokaribia ya tunda. Saa moja, saa moja na nusu, inategemea baridi ya usiku huo na jani lilivyonyauka. Akiwahi, chai itakuwa mbichi na kali. Akichelewa, theaflavini nazo zitaanza kuliwa na kikombe kitapoa uso, kiwe kama maji ya kutu. Hukata shauri, mkanda ukaingia kwenye kikaushio, na joto likazima kila kitu. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi zimekuwa kilo moja ya chai.

Fundi huyo anapofanya kazi yake vizuri kabisa, sehemu kubwa ya katekini alizozilinda mchumaji imekwisha kuwa kitu kingine. Haziwi bure, maana theaflavini nazo ni polifenoli na zina watafiti wake. Lakini si zile zilizopimwa Hong Kong. Anayetaka chai ya kijani hufanya kinyume: majani yakifika tu hupigwa mvuke au moto mkavu ili kimeng'enya kife kabla hakijaanza kazi.

Kuna njia ya tatu, na ni ya Kenya. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa chai ya Kericho ilitoa rasmi mchai uliopewa namba TRFK 306, baada ya miaka kama 25 ya kuchagua, kupandikiza na kusubiri. Ncha zake ni za zambarau. Rangi hiyo ni anthosianini, familia ileile inayoipa zabibu nyeusi weusi wake, na mchai huu unazo pamoja na katekini za kawaida. Nyeri, Murang'a na Kirinyaga watu waliupanda kwa matumaini, na wengi wakajikuta wakiupeleka kwenye mizani ileile kwa bei ileile ya majani ya kijani, kwa sababu mnunuzi wa zambarau hakuwa amefika. Baadhi waling'oa. Siwalaumu, shamba la robo ekari halina nafasi ya kusubiri soko la kesho.

Ila mwaka 2014 watafiti wa Kenya, Khalid Rashid na Francis Wachira wakiwa miongoni mwao, walichapisha jambo lililonifanya niutazame upya mchai huo. Waliwapa panya anthosianini za chai ya zambarau kisha wakazitafuta kwenye ubongo, na wakaikuta mojawapo imevuka ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Retina ina ukuta wa namna hiyohiyo, nayo kwa asili ni kipande cha ubongo kilichosogea mbele kuona. Kwamba kilichovuka kule kitavuka huku ni dhana ya kujaribiwa, na majaribio yake yangefaa kufanywa hapa, kwa majani ya hapa.

Sasa niseme wazi kile ambacho muuza dawa wa siku ya soko hatakisema. Tiba ambazo daktari wa macho anazitegemea leo ni miali ya leza, ambayo tangu jaribio kubwa la Marekani la mwaka 1976 inajulikana kupunguza upofu kwa zaidi ya nusu kwa wenye ugonjwa uliokomaa, na sindano za kuzuia VEGF zinazochomwa ndani ya jicho. Katekini haimo. Kabla ya hizo kuna sukari yenyewe: jaribio lililotoa matokeo mwaka 1993 kwa watu wenye kisukari cha aina ya kwanza lilionyesha kwamba wasio na dalili machoni, wakiichunga sukari kwa makini, hupunguza uwezekano wa kupata ugonjwa wa retina kwa asilimia 76. Hakuna jani lililofikia namba hiyo. Na unga wa chai ya kijani uliokolezwa kwenye vidonge si mchezo: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za EGCG, katekini kuu ya chai, kwa njia ya vidonge huhusishwa na dalili za kuumia ini. Kikombe hakikufikishi huko. Kikombe, kwa kweli, hakikufikishi mbali, kwa kuwa sehemu ndogo tu ya EGCG unayokunywa huingia kwenye damu, na chai ya hoteli zetu huja na maziwa na vijiko vitatu vya sukari ambavyo kwa shosho wa benchi la kliniki ni balaa tupu.

Yule muuzaji mwenye kipaza sauti na chupa za rangi ya kahawia zinazotibu sukari, presha, mgongo na macho kwa pamoja hanikasirishi kwa sababu anauza mimea. Milima hii ina mimea ya kweli. Magome ya mti wa muiri yamefika hadi kwenye vidonge vya tezi dume barani Ulaya. Ananikasirisha kwa sababu amekata kazi yote ya katikati. Ni jani gani, la umri gani, limekaushwaje, lina nini, kiasi gani, linafika wapi mwilini, linamdhuru nani: maswali hayo ameyaruka yote na kuuza jibu. Na mgonjwa aliyenunua chupa hiyo mara nyingi ndiye anayeahirisha kutiwa yale matone kliniki.

Ukisoma karatasi za utafiti wa chai, katika sehemu inayoeleza mbinu, mara nyingi utakuta nusu sentensi inayosema kwamba yalichumwa majani mawili na chipukizi, kwa mkono. Basi. Inafuata mistari mingi ya kuyeyusha, kuchuja na kupima, kila mashine ikitajwa kwa jina la kampuni yake. Nusu sentensi hiyo ndiyo inayobeba mengine yote, maana sampuli iliyochanganyika majani ya tatu na ya nne itatoa namba nyingine, na wa maabara nyingine akiirudia atapata namba ya tatu, na wote wawili watabishana bure.

Siku hizi mashine za kuchumia zimeenea katika mashamba makubwa ya Kericho, na mikasi yenye sanduku imeanza kupanda hadi kwa wakulima wadogo, kwa kuwa vijana hawataki kapu na malipo ya kilo hayawavuti. Mkasi hukata kwa usawa mmoja: chipukizi, jani la nne, banji na kipande cha shina huingia pamoja. Kwa chai nyeusi ya mifuko ya karatasi kiwanda kinaweza kuvumilia hilo kwa kiasi fulani. Kwa dondoo la dawa, ambalo kila gramu inapaswa kufanana na gramu ya jana, hapana. Atakayetaka kulijaribu jani la zambarau kwenye jicho la binadamu mwenye kisukari, akifuata taratibu zote, itambidi aagize jani lililochaguliwa moja moja, kutoka vichaka vinavyojulikana, siku zinazojulikana, na kwa agizo hilo bei ya kilo haitakuwa ile ya mizani ya kawaida. Wachumaji wa kiwango hicho bado wapo Kiriaini. Wengi wao wamevuka miaka hamsini, na baadhi yao wana kadi ya kliniki ya kisukari kwenye mfuko wa aproni.